UZI: Baturyn, mji mdogo wa Ukraine uliokuwa makao makuu ya Wakozaki. Watawala wanne, mmoja tu alifia kitandani pake

Mzee wa Kasha:
Wakuu salaam. Huu uzi niliuahidi tangu mwaka jana kule kwenye mjadala wa vita, nikawa napiga chenga. Leo umeme upo na wajukuu wamelala, ngoja nishushe mzigo.

Mimi nilisoma Sumy, kaskazini mashariki mwa Ukraine, zamani kidogo, kabla mambo hayajaharibika. Ukitoka huko kwenda Kyiv kwa njia ya Konotop unakutana na kibao kimeandikwa Baturyn. Basi halina hata haja ya kupunguza mwendo. Bustani za kabichi, bata wanavuka barabara, vibibi vimekaa kwenye benchi nje ya geti. Mama mmoja niliyekaa naye siti moja akanionyesha dirishani akaniambia hapo palikuwa makao makuu yao. Nikadhani ananitania mgeni. Mji wenyewe hata sasa hauna watu 3,000.

Nikaanza kuchimba. Nilichokuta ni hiki: watu wanne waliotawala nchi nzima wakiwa na makao pale. Wawili waliishia Siberia. Mmoja alifia ugenini akiwa mkimbizi. Wa nne ndiye pekee aliyezeeka na kufa pale pale mjini, na yeye alifikia hapo kwa sababu alikubali kuuacha utawala. Ukimjua kila mmoja alivyoondoka, umeijua historia ya Ukraine ya karne ya 17 na 18 bila kufungua kitabu kingine.

Kwanza neno lenyewe. Kozaki limetoka kwenye lugha za Kituruki, maana yake mtu huru, asiye na bwana. Walikuwa watu waliochoka kufanyishwa kazi za bure kwenye mashamba ya mabwana chini ya dola ya Poland na Lithuania, wakashuka kusini kwenye nyika, wakaishi kwa kuvua, kuwinda, kurina asali na kupigana. Adui yao wa kila msimu alikuwa Watatari wa Krimea, waliokuja kukamata watu na kwenda kuwauza sokoni Kaffa. Ngome yao kuu waliiita Sich, ilikuwa ng'ambo ya maporomoko ya mto Dnipro, mahali ambapo askari wa mfalme walipata taabu kufika.

Mwaka 1648 wakaasi rasmi chini ya Bohdan Khmelnytsky, na kutoka kwenye uasi ule ikazaliwa dola. Sasa angalieni ilivyopangwa, mimi nilicheka nilipoelewa: nchi nzima iligawanywa kama jeshi. Mkoa uliitwa kikosi, wilaya iliitwa mia, na kanali ndiye aliyekuwa mkuu wa mkoa, jaji wake na mkusanya kodi wake. Juu ya wote yupo hetmani.

Naendelea, msinikatishe.

Nyumba Kumi:
Naweka kambi hapa. Kahawa ipo jikoni.

Fundi Cherehani:
Mkuu samahani nakukatisha hivyo hivyo. Hetmani ni mfalme?

Mzee wa Kasha:
Hapana Fundi. Mfalme anazaliwa, hetmani anachaguliwa. Wakozaki wanakusanyika kwenye baraza lao, wanapiga makelele wee, wanamkubali mtu, anakabidhiwa rungu la heshima linaloitwa bulava. Hiyo ndiyo nadharia. Kadiri miaka ilivyokwenda makelele yalipungua, na jina la mshindi lilikuwa limeshapangwa na wakubwa wachache pamoja na wajumbe wa Moscow kabla watu hawajafika uwanjani. Nadhani hili halihitaji tafsiri kwa wana jukwaa.

Nyumba Kumi:
😂😂 Tiririka mzee.

Mzee wa Kasha:
Makao makuu ya kwanza yalikuwa Chyhyryn, kwa Khmelnytsky mwenyewe. Mwaka 1654, akiwa amebanwa na Wapolandi huku na Watatari wakimgeuka kule, Khmelnytsky akafanya mapatano na Tsar, yaani mfalme, wa Moscow kwenye mji wa Pereiaslav. Shikeni huo mwaka, tutaurudia. Mwaka 1667 Moscow na Poland wakakaa wao wawili pale Andrusovo wakaigawa Ukraine kwa mto Dnipro: kulia kwako, kushoto kwangu. Wenye nchi hawakuitwa mezani.

Upande wa kushoto ukawa unahitaji makao yake. Mwaka 1669 hetmani Demian Mnohohrishny akaichagua Baturyn. Ngome ilikuwepo tangu 1625, ilijengwa enzi za Wapolandi, juu ya kilima kando ya mto Seim. Pako mbali na njia za Watatari, na pako karibu na mpaka wa Moscow. Ukaribu huo ulikuwa na faida zake na hasara zake, maana ndani ya mji kulikaa askari wa Tsar, kwa jina walinzi wa hetmani. Kwamba walikuwa wakimlinda au wakimchunga, Mnohohrishny alikuja kujua.

Usiku mmoja wa Machi 1672, wakubwa wenzake wa Kikozaki wakishirikiana na askari hao hao walimkamata ndani ya nyumba yake pale Baturyn, wakamfunga, wakampeleka Moscow. Akahukumiwa kukatwa kichwa. Ameshafikishwa mahali pa kunyongea ndipo msamaha ukasomwa: badala ya kufa, Siberia na familia yake. Na huyu mtu hakukaa huko analia. Alikwenda hadi ng'ambo ya ziwa Baikal, na mwaka 1688 alikuwa miongoni mwa walioilinda ngome ya Selenginsk dhidi ya Wamongolia. Aliutumikia ufalme ule ule uliomfunga pingu, sijui kwa moyo gani.

Wa pili ni Ivan Samoilovych, mtoto wa padri. Alikaa miaka 15, mji ukakua, biashara ikachangamka. Mwaka 1687 Moscow ikapanga kuipiga Krimea, jeshi likaongozwa na mtukufu Golitsyn, kipenzi wa Sofia aliyekuwa anashika utawala. Nyika ikashika moto, farasi wakakosa majani, jeshi likarudi bila hata kuiona Krimea. Golitsyn hawezi kubeba lawama. Akatafutwa wa kubebeshwa. Samoilovych akavuliwa cheo kambini, pale mtoni Kolomak, akapelekwa Tobolsk, Siberia, akafia huko mwaka 1690. Mwanawe Hryhoriy alikatwa kichwa.

Na kwenye kambi hiyo hiyo, akachaguliwa mtu aliyekuwa msaidizi wa Samoilovych na aliyewahi kuwafundisha watoto wake. Jina lake Ivan Mazepa.

Bi Shamsa:
Huyo Mazepa si ndiye yule wa kumpenda mtoto wake wa ubatizo? Nilisoma mahali. Mzee mzima hana haya.

Mzee wa Kasha:
Bi Shamsa umeniwahi, haya tuimalize hiyo kwanza maana najua mtaniuliza wote.

Mazepa alizaliwa 1639, alisoma Kyiv, akakulia kwenye jumba la mfalme wa Poland, alijua Kilatini na lugha nyingine kadhaa. Mwaka 1704, mjane wa miaka 65, alimposa Motria, binti wa Jaji Mkuu wa serikali yake Vasyl Kochubey. Motria alikuwa binti mbichi kabisa, na Mazepa ndiye aliyekuwa baba yake wa ubatizo, na kwa uhusiano huo kanisa linakataza ndoa moja kwa moja. Wazazi wakakataa. Binti akatoroka akaenda kwa mzee. Mzee akamrudisha kwao, kisha akawa anamwandikia barua za mapenzi, na baadhi ya barua hizo zimehifadhiwa hadi leo.

Kochubey hakusahau. Akampelekea Tsar Peter taarifa kwamba hetmani ana mpango wa kumsaliti. Peter hakuamini. Alimwona Mazepa kama mtu wake wa karibu: alipoanzisha nishani ya Mtakatifu Andrea, nishani ya juu kuliko zote Urusi, Mazepa alikuwa mtu wa pili kuvishwa, mwaka 1700. Kwa hiyo Kochubey na mwenzake Ivan Iskra wakakabidhiwa kwa Mazepa mwenyewe, wakakatwa vichwa Julai 1708. Miezi mitatu na siku kadhaa baadaye Mazepa akafanya kile kile alichosemewa.

Nyumba ya Kochubey ya matofali bado imesimama Baturyn. Ni kati ya vitu vichache sana vilivyobaki kutoka mji ule wa zamani.

Fundi Cherehani:
Kwa hiyo Kochubey alisema kweli akauawa. Duh.

Kapteni Mkaa:
Mimi nasubiri hapo kwenye usaliti. Maana kwa ninavyojua Mazepa alibusu msalaba akaapa kwa Tsar, halafu adui alipofika akahamia kwa adui. Hilo popote duniani lina jina moja.

Mzee wa Kasha:
Kapteni, nilikuwa nakungoja. Sasa turudi 1654.

Moscow iliusoma mkataba wa Pereiaslav hivi: hawa wamekuwa raia wa Tsar, milele. Wakozaki waliusoma hivi: tumeweka mkataba na mlinzi, sisi tunampa utii na askari, yeye anatulinda na anaacha desturi zetu. Pale pale Pereiaslav waliwataka wajumbe wa Moscow nao waape kwa niaba ya Tsar, kama wafalme wa Poland walivyokuwa wakiwaapia raia wao. Wakajibiwa Tsar haapi kwa raia. Ugomvi wote wa miaka 100 iliyofuata umo ndani ya jibu hilo.

Sasa ingiza Vita Kuu ya Kaskazini, Urusi dhidi ya Uswidi, kuanzia 1700. Vikosi vya Kikozaki vinapelekwa mbali na kwao, Livonia, Poland, kuchimba misingi ya ngome na ya mji mpya wa Peter huko kaskazini. Wengi hawarudi, na wanaorudi hawajalipwa. Kuna fununu kwamba Peter anataka kuvifuta vikosi na kuigawa nchi upya. Halafu mwaka 1708 Charles wa 12 wa Uswidi anageuka kuelekea Ukraine. Mazepa anaomba askari 10,000 wa kuilinda nchi. Kwa mujibu wa karani wake mkuu Pylyp Orlyk, Peter alijibu kwamba hawezi kutoa hata watu kumi, jiteteeni mnavyoweza.

Mlinzi anapokwambia jitetee mwenyewe, mkataba bado upo? Hapo ndipo penye mjadala. Wewe unaona kiapo, mimi naona mkataba.

Nyumba Kumi:
Wapiganapo fahali wawili...

Mzee wa Kasha:
Hapana Nyumba Kumi, hiyo methali hapa siitumii. Nyasi hazina barua za siri wala ghala la baruti. Mazepa alikuwa mchezaji. Alikuwa anaandikiana na upande wa pili kwa muda mrefu huku akimtumia Peter salamu za unyenyekevu, na hesabu yake ilikuwa kusubiri amwone nani anashinda ndipo aamue. Charles alipogeuka kusini alimwahi kabla hajawa tayari. Inasimuliwa na Orlyk kwamba alilaani kusikia Waswidi wanakuja. Mimi namtetea kwa hoja ya mkataba, simtetei kwa umahiri.

Walioumia kama nyasi ni watu wa Baturyn. Hao hawakuandikiana na mtu.

Mzee wa Kasha:
Haya, hii sehemu nimeiandika mara tatu na kuifuta, mnisamehe nikienda polepole.

Baturyn ya 1708 ilikuwa na ngome ya udongo na magogo, makasri, makanisa, ofisi ya serikali, na nje kidogo kwenye kiunga cha Honcharivka jumba la Mazepa la ghorofa lililojengwa kwa mtindo wa Ulaya Magharibi. Muhimu kuliko vyote, ndani ya ngome kulikuwa na mizinga mingi, baruti na chakula cha jeshi kwa majira ya baridi. Mwishoni mwa Oktoba Mazepa alivuka mto Desna na Wakozaki elfu chache kumfuata Charles. Mji akamwachia kanali Dmytro Chechel, na mizinga akamwachia Mjerumani Friedrich Königsek. Maagizo yalikuwa wasimfungulie Mrusi hadi Waswidi wafike.

Kwa hiyo ikawa mbio. Mwenye ghala la Baturyn ndiye mwenye majira ya baridi. Peter alipopata habari hakuamini kwanza, kisha akamtuma swahiba wake Alexander Menshikov na amri ya kuuchukua mji. Menshikov alifika, akajaribu maneno, waliokuwa ndani wakakataa. Walijua Waswidi wako njiani, na Menshikov naye alijua.

Alfajiri ya Novemba 2 ngome ikavunjwa. Masimulizi yanasema ofisa mmoja wa kikosi cha Pryluky, Ivan Nis, ndiye aliyewaonyesha Warusi njia ya siri ya kuingilia, na kweli huyu mtu baadaye alipewa ukanali wa Pryluky. Kwa saa kama mbili mapigano yalikuwa yameisha, kilichofuata hakikuwa mapigano. Waliuawa askari na wasiokuwa askari. Kumbukumbu moja ya Kikozaki ya karne ile, inayoitwa ya Lyzohub, inaeleza kwamba wengi walikufa kwa upanga, wengi walizama mto Seim walipokimbia juu ya barafu ambayo ilikuwa bado haijakomaa, na wengi waliungua kwenye nyumba walimojificha. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi kesho, makadirio ni kati ya watu 6,000 na 15,000. Chechel alikamatwa akauawa kwenye mji wa Hlukhiv.

Siku tatu baadaye Peter alimwandikia Menshikov kuhusu mji uliokuwa umeshachukuliwa: kama hauwezi kulindika, uchomwe wote uwe mfano kwa wasaliti, kwa kuwa walijitetea. Angalia sababu iliyotajwa.

Mazepa na Charles walifika wakakuta majivu. Chakula hakuna, baruti hakuna. Na majira yale ya baridi ya 1708 hadi 1709 yalikuwa makali kuliko yote ambayo Ulaya ilikuwa inayakumbuka. Waswidi waliganda kwa maelfu, wengine wakiwa wamepanda farasi. Watu wanapenda kuizungumzia Poltava, pale Peter alipomshinda Charles, lakini jeshi lililosimama Poltava Julai 1709 lilikuwa limeshanyongwa njaa kwa kamba iliyosokotwa Baturyn.

Kitu kidogo cha pembeni, nilikipenda: tukio hili lina tarehe tatu. Urusi walikuwa na kalenda ya Julian, kwao ni Novemba 2. Ulaya Magharibi ni Novemba 13. Na Uswidi enzi hizo walikuwa wamevuruga kalenda yao wenyewe, wako siku moja mbele ya Warusi na siku kumi nyuma ya wengine, kwao ni Novemba 3. Ukisoma masimulizi ya pande zote kama hujui hili utadhani mji ulichomwa mara tatu.

Bi Shamsa:
Barafu haijakomaa. Nimekwama hapo.

Kapteni Mkaa:
Mzee nakuheshimu lakini ngoja niweke usawa. Ukraine ya leo inawachora hawa Wakozaki kama malaika. 1648 huyo Khmelnytsky wako, Wayahudi waliuawa maelfu kwa maelfu. Huyo Mazepa alikuwa tajiri wa kutupwa huku wakulima wanamfanyia kazi. Na ngome iliyokataa kujisalimisha karne ile ilikuwa inajua kitakachotokea, si Urusi peke yake.

Mzee wa Kasha:
Vyote ulivyosema ni kweli, Kapteni, na ya 1648 ni doa ambalo halifutiki. Uhuru waliokuwa wanaupigania haukumhusu Myahudi hata kidogo, na mkulima ulimhusu kwa muda mfupi. Wakubwa wa Kikozaki wenyewe walijigeuza mabwana wa mashamba. Mwaka 1701 Mazepa alitoa amri kwamba mkulima asifanyishwe kazi ya bure zaidi ya siku mbili kwa wiki. Wengine wanaisifu amri hiyo. Mimi naisoma hivi: mabwana walikuwa wanazidisha siku mbili. Na hapo kabla, mwaka 1692, karani mmoja wa ofisi yake hiyo hiyo ya Baturyn, Petro Petryk, alitoroka akaanzisha uasi akidai hetmani anawakamua wanyonge.

Nakataa hoja ya tatu tu. Wale walioko ndani hawakuwa wa nchi adui. Kwa hesabu ya Moscow yenyewe walikuwa raia wa Tsar. Huwezi kuwaita raia wako siku ya kutoza utii, halafu siku ya upanga ukawahesabu kama mji wa kigeni uliotekwa.

Kapteni Mkaa:
Hapo umenibana. Endelea.

Mzee wa Kasha:
Siku nne tu baada ya moto, Hlukhiv, mbele ya Peter, akachaguliwa hetmani mpya Ivan Skoropadsky. Makao makuu yakahamia huko, karibu zaidi na mpaka. Likatengenezwa sanamu la Mazepa, likavuliwa nishani, likaburutwa na kunyongwa. Kanisa likamlaani, na Kanisa la Urusi halijaiondoa laana hiyo mpaka leo. Mwaka 1709 Peter akaagiza atengenezewe Mazepa nishani mpya maalumu: ya Yuda, ya fedha, uzito wa kama kilo tano, ikiwa na picha ya Yuda akijinyonga na vipande 30. Haikumfikia. Mazepa alikimbilia Bendery kwenye himaya ya Uturuki, akafia huko vuli ya mwaka huo huo, akazikwa Galați, Romania ya leo. Ndiye wa tatu wangu.

Mzinga mmoja wa Baturyn unaoitwa Simba, uliofuliwa Hlukhiv mwaka 1705, upo Moscow, Kremlin, hadi kesho. Watalii wanapiga nao picha.

Sasa wa nne, na huyu maisha yake ni kama hadithi ya sungura.

Kijiji cha Lemeshi, Chernihiv, kulikuwa na Kozaki mlevi anaitwa Rozum. Mwanawe mkubwa Oleksiy alikuwa anaimba kanisani. Mwaka 1731 akapita kanali anayerudi kwenye jumba la kifalme, akaisikia sauti ile, akambeba kijana hadi St. Petersburg. Binti mfalme Elizaveta akamwona, akampenda. Elizaveta akaja kuwa Malkia wa Urusi. Mdogo wake Oleksiy, Kyrylo, aliyekuwa anachunga ng'ombe kijijini, akaitwa mjini, akapelekwa Ujerumani, akafundishwa na mwanahisabati Euler, na aliporudi akawekwa kuwa rais wa Chuo cha Sayansi cha Urusi akiwa na miaka 18. Mnasema connection! Mwaka 1750, miaka 22, akachaguliwa hetmani wa Ukraine.

Kyrylo Rozumovsky akaamua kuirudisha Baturyn. Alitaka hata chuo kikuu kijengwe pale, mpango uliandikwa mwaka 1760. Kisha kiti cha Urusi kikachukuliwa na Yekaterina wa Pili, ambaye hakupenda kabisa mambo ya mikoa kuwa na desturi zake. Rozumovsky akaomba cheo cha hetmani kiwe cha kurithiwa na wanawe. Akaitwa Petersburg, akafahamishwa ni bora ajiuzulu. Mwaka 1764 akajiuzulu, na cheo chenyewe kikafutwa. Wa mwisho.

Alipewa pensheni na cheo cha jemadari mkuu, akaachiwa mashamba, ndipo uzeeni akarudi Baturyn. Kuanzia 1799 akajengewa jumba na Mskoti Charles Cameron, la ghorofa tatu, nguzo nyeupe, linatazama mto. Akafariki Januari 1803 bila kulifaidi, akazikwa kwenye kanisa alilolijenga pale pale. Kwa wapenzi wa muziki: mwanawe Andriy alikuwa balozi Vienna, na zile kwarteti tatu za Beethoven zinazoitwa za Razumovsky aliziagiza huyo mwanawe.

Fundi Cherehani:
Baada ya hapo mji ukafa?

Mzee wa Kasha:
Ulisinzia. Jumba liliungua, likabaki maganda. Reli ya kutoka Kyiv kwenda Kursk ilipojengwa miaka ya 1860 ilipita Bakhmach na Konotop, ikaiacha Baturyn pembeni, na mnajua mji ukirukwa na reli unakuwaje. Enzi za Kisovieti ilikuwa heri mtu asilitaje jina la Mazepa kwa sauti.

Kuanzia 1995 wanaakiolojia wa Chernihiv wakiongozwa na Volodymyr Kovalenko wakaanza kuchimba, baadaye wakaungana na wenzao wa Kanada. Wakapata vigae vya jiko la kuotea moto vyenye nembo ya Mazepa. Wakapata msingi wa Kanisa la Utatu lililoungua. Na wakapata mifupa, mingi ya wanawake na watoto, mingine imelala ilivyoangukia, chini ya tabaka la majivu. Kwa hiyo wale waliokuwa wanasema habari za mauaji ni propaganda za Waswidi, majivu yamewajibu.

Jumba la Rozumovsky lilikarabatiwa na ngome ya magogo ikajengwa upya, vyote vikafunguliwa mwaka 2009 enzi za rais Yushchenko. Mwaka mmoja kabla, 2008, Baturyn ilirudishiwa hadhi ya mji. Ngome mpya kwa macho yangu imekuwa safi kupita kiasi, magogo yananukia duka la mbao. Niliridhika zaidi na nyumba ya Kochubey, ambayo haijajaribu kumfurahisha mtu.

Daktari Mtarajiwa:
Mzee shikamoo. Mimi nilikuwa Sumy 2022. Konotop ilizingirwa siku za mwanzo kabisa, tukawa hatuna pa kupita. Tulikaa kwenye handaki la hosteli siku kama kumi na mbili, tukayeyusha theluji kwa maji. Machi 8 tukatolewa kwa mabasi hadi Poltava. Sikujua hata Poltava ni mji wa nini, nilijua ni mahali penye maji ya bomba.

Nimefungua begi nililotoka nalo, kuna noti ya hryvnia 10. Huyu mzee mwenye masharubu ndiye?

Mzee wa Kasha:
Marahaba mwanangu, pole sana, namshukuru Mungu ulitoka.

Ndiye. Kwenye tano yupo Khmelnytsky, kwenye kumi yupo Mazepa. Geuza nyuma utaona kanisa kubwa la monasteri ya Lavra ya Kyiv, ukarabati wake aligharamia yeye. Siku hizi kumi wanatengeneza sarafu, na humo pia wamemweka. Hiyo ya karatasi usiibadilishe.